Cheti ni cha Nani?



Jumapili moja, baada ya ibada kwisha na watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana, palizuka mabishano chini ya mwarobaini. Yalimhusu ndugu mmoja tunayemfahamu sana. Jina lake hatutalitaja, wala hospitali aliyokuwa akifanya kazi hatutaitaja, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Itoshe kusema kwamba ndugu huyo alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka 15, na kwamba wengi wetu tuliingia katika chumba kile tukiwa wagonjwa, tukatoka salama, naye alikuwamo.

Mwaka 2017 aliondolewa kazini. Wasomaji watayakumbuka mambo ya mwaka ule. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma nchi nzima, na mwezi wa Aprili Rais Magufuli akapokea taarifa mjini Dodoma kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Wakaambiwa waondoke. Miongoni mwao walikuwamo walimu, waganga na wauguzi. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba watarudishiwa michango yao waliyokuwa wakikatwa kwa ajili ya pensheni. Fedha ni fedha, lakini kazi haikurudi.

Ndugu yetu huyu hakununua cheti mjini. Alitumia cheti cha kidato cha nne cha kaka yake, ambaye alifaulu lakini akaamua kulima. Kwa cheti hicho alipokewa katika chuo cha uuguzi. Huko alisoma mwenyewe, akakesha mwenyewe, akafanya mitihani mwenyewe na kufaulu mwenyewe. Ila jina lililoandikwa juu ya karatasi za mitihani lilikuwa la kaka yake. Kazini aliitwa kwa jina hilo miaka yote, na huku nyumbani sisi tulimwita kwa jina lake la ubatizo. Tuseme kweli, wengi wetu tulijua. Tulinyamaza.

Basi, chini ya mwarobaini mzee mmoja alisema, "Mimi sioni kosa lake. Mikono ile ilimsaidia mke wangu siku alipopasuliwa. Cheti hakishiki mkasi."

Mama mmoja, muuguzi mstaafu, akamjibu kwa upole, "Ni kweli, mzee wangu. Lakini siku ile mama alikuwa amelala. Hakuweza kumwuliza mtu yeyote mle ndani, 'Wewe ni nani?' Mwingine ilibidi amwulizie mapema."

Maneno hayo mawili hatukuweza kuyaacha pale chini ya mti. Tumeyafikiri sana, na leo tungependa kuyafikiri pamoja nanyi. Je, mtu anayejua kazi yake anahitaji karatasi? Na karatasi hiyo, ikiwa anaihitaji, ni ya nani hasa?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanapotaja upasuaji humkumbuka daktari peke yake. Kabla daktari hajanawa mikono, yuko mtu aliyekwisha kutakasa vyombo kwa mvuke, akaviangalia kimoja kimoja, akavipanga mezani juu ya kitambaa safi. Mtu huyo ndiye anayemkabidhi daktari kisu, mkasi, koleo na sindano, mara nyingi kabla hajaombwa, maana anaifahamu operesheni na anajua hatua inayofuata. Ndiye anayechunga mkono wa mtu yeyote usiguse kisichotakaswa. Na ndiye anayehesabu. Kabla ya kuanza anahesabu vyombo, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu, kwa sauti, pamoja na mwenzake. Kabla tumbo halijafungwa, anahesabu tena. Kitambaa kilicholowa damu hufanana sana na nyama ya mwili. Kikisahauliwa tumboni, mgonjwa atarudi nyumbani akidhani amepona, kisha ataanza kuumwa, tumbo litavimba, usaha utafanyika, na huenda akafa bila mtu kujua sababu.

Huko Marekani kazi hii ina watu wake maalumu, ambao si wauguzi. Ilikua hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wauguzi walipokuwa hawatoshi na askari wakafundishwa kusaidia katika upasuaji. Mwaka 1969 wafanyakazi hao walipata chama chao, na baadaye mtihani wao. Leo mtihani huo una maswali 175, na aliyefaulu hapewi cheti cha maisha; sharti aendelee kujifunza ili cheti chake kihuishwe. Si kila jimbo la nchi ile linalolazimisha cheti hicho kwa sheria, lakini hospitali nyingi hukitaka. Kwetu Tanzania kazi hiyo hufanywa zaidi na wauguzi, wengine wakiwa wamepata masomo ya ziada ya chumba cha upasuaji, na hao wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo huwapa leseni. Majina yanatofautiana, lakini meza ni ile ile na hesabu ni ile ile.

Sasa turudi kwa yule mzee. Neno lake lina uzito, nasi hatupendi kulipuuza. Zamani, mgonjwa wa Kisukuma alipokwenda kwa mganga, hakuuliza cheti. Alijua mganga yule alifundishwa na nani, alimtibu nani akapona, na nani alikufa mikononi mwake. Kijiji kizima kilikuwa cheti chake. Akiharibu, habari zilienea kabla ya jua kuchwa.

Lakini tazameni mahali tunapoishi. Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapa. Mkono mmoja waenda Shinyanga na Mwanza, na mwingine waenda Isaka na Kahama, hata Rwanda na Burundi. Mchana na usiku mabasi na malori yapita mbele yetu. Basi likipinduka, majeruhi wake watoka Dar es Salaam, Singida, Bukoba, hata Kigali. Kijana aliyeangukiwa na kifusi katika duara la dhahabu huko Geita au Kahama huenda alizaliwa Mbeya, na muuguzi atakayempokea huenda alizaliwa Tanga. Nani atamwambia kijana huyo kwamba mikono ile ni mizuri? Kijiji chake hakipo pale. Mama yake hayupo. Naye mwenyewe, akisha kupewa nusukaputi, hata jina lake halijui.

Hapo ndipo tunapoona cheti ni kitu gani. Ni neno la ushuhuda ambalo wanaojua wanamwambia asiyejua: tulimfundisha mtu huyu, tulimjaribu, tukamwona anafaa, ukilala mbele yake, usiogope. Wengi wetu hudhani cheti ni mali ya mwenye nacho. Hukitia katika fremu, hukitundika ukutani sebuleni, hukitumia kuomba nyongeza ya mshahara. Hayo si mabaya. Lakini mwenye haki ya kwanza juu ya cheti cha mhudumu wa upasuaji ni mgonjwa aliyelala. Ni chake yeye, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kujilinda kwa njia nyingine yoyote.

Mtu atasema: vyeti vikubwa vingapi vimekaa katika mikono mibovu? Ni kweli. Na mikono mingapi mizuri haina vyeti vikubwa? Hilo nalo ni kweli, na nchi yetu inao ushahidi wake. Mwaka 1963 Tanganyika ilianza kuwafundisha Madaktari Wasaidizi. Hawa hawakuwa watu wa chuo kikuu. Walikuwa waganga wa ngazi ya kati waliokwisha kufanya kazi, wakaongezewa masomo ya miaka miwili, upasuaji ukiwamo, kisha wakapelekwa wilayani mahali ambapo madaktari wenye digrii hawakufika au hawakukaa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti juu ya hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Geita ilikuwa ingali ndani ya mkoa wa Mwanza, maana mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Watafiti waliangalia operesheni kubwa za akina mama wajawazito, zaidi ya 1,000. Nyingi sana zilikuwa zimefanywa na Madaktari Wasaidizi. Walipolinganisha matokeo yao na ya madaktari wenye digrii, hawakuona tofauti ya maana. Huenda baadhi ya akina mama wasomao gazeti hili wako hai, nao watoto wao, kwa kazi ya watu hao.

Habari hiyo yatufundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ukubwa wa cheti si kipimo cha mtu. La pili, Madaktari Wasaidizi hawakuokotwa njiani wakapewa visu. Walifundishwa kazi ile ile waliyotumwa kuifanya, wakajaribiwa katika kazi hiyo, na wakaruhusiwa waziwazi, kwa majina yao. Njia yao ilikuwa fupi kuliko ya wengine, lakini ilikuwa njia ya mchana.

Mzee wetu aliposikia hayo alisema, "Basi na ndugu yetu alifundishwa! Alijaribiwa! Mtihani wa uuguzi haukufanywa na kaka yake." Na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Kama cheti ni ushuhuda kwamba mikono imejaribiwa, mikono yake ilijaribiwa. Mgonjwa aliyelala alipungukiwa na nini?

Wengine walijibu kwamba yuko kijana mwingine, mwenye cheti chake halali, aliyekosa nafasi chuoni kwa sababu nafasi ilichukuliwa. Jibu hilo ni la haki, nasi tunalikubali. Lakini linamhusu yule kijana, halimhusu mgonjwa. Jibu la mgonjwa tulilipata kwingine.

Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo dogo katika hospitali nane za miji minane ulimwenguni. Mmoja ulikuwa London, mwingine Toronto, mwingine Seattle; na mmoja ulikuwa Ifakara, kwetu Tanzania, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hawakuleta mashine mpya wala dawa mpya. Walileta karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizana kwa sauti: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua mahali gani? Je, hesabu ya vyombo na vitambaa imetimia? Matokeo ya hospitali zote nane yalichapishwa mwaka 2009. Kabla ya karatasi ile, katika kila wagonjwa 1,000 walikuwa wakifa 15. Baada yake wakafa 8. Waliopata madhara makubwa walikuwa 110 katika kila 1,000. Wakapungua wakawa 70.

Miongoni mwa mambo hayo 19 lipo moja ambalo twaomba mlitazame vizuri. Kabla ya kukata, kila mtu aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kwa nini? Kwa sababu mtu akisha kulitaja jina lake mbele ya wenzake, inakuwa rahisi kwake kusema neno la pili. Mdogo aliyejitambulisha hupata ujasiri wa kumwambia mkubwa, "Samahani, bado." Na katika chumba cha upasuaji, neno hilo "bado" huokoa watu.

Tulipokwisha kulifahamu jambo hilo, tulikwenda nyumbani kwa ndugu yetu. Analima mpunga na kufuga kuku. Tulikaa naye, tukamwuliza waziwazi kama aliwahi kuona kwamba jina lile si lake linamdhuru mgonjwa. Alinyamaza kitambo, kisha akatusimulia, naye ameturuhusu kuandika.

Usiku mmoja aliletwa mama aliyekuwa akivuja damu tumboni. Operesheni ilikuwa ndefu, umeme ulikatika mara mbili, na daktari alikuwa kazini tangu alfajiri. Ilipofika wakati wa kufunga, ndugu yetu alihesabu vitambaa. Vilikuwa 9, navyo vilitakiwa kuwa 10. Akahesabu tena, 9. Daktari akasema kwa hasira, "Umekosea mwanzoni. Tunafunga."

"Hapo," alituambia, "niliogopa. Wala sikumwogopa daktari, maana alikuwa mtu mwema, ila alichoka. Niliwaza kwamba nikishindana naye, kesho tutaitwa kwa mganga mkuu, na mganga mkuu atalifungua faili langu. Nilisimama pale na koleo mkononi, nikafikiri habari za faili, na tumbo la yule mama liko wazi mbele yangu."

Kisha akasema, "Daktari, bado." Wakatafuta. Kitambaa kilikuwa nyuma ya matumbo. Yule mama alipona akaenda zake, na hajui mpaka leo.

Tukamshukuru Mungu, tukamwambia kwamba basi alitenda vema. Akatikisa kichwa. "Safari ile nilisema," alisema. "Lakini nilichelewa. Na siwezi kuwaapia kwamba kila safari ningesema."

Ndugu wasomaji, jibu la swali letu tumelipata katika maneno hayo. Mikono yake ilikuwa mizuri. Elimu yake ilikuwa yake. Alichopungukiwa ni sauti. Kazi yake yote ilisimama juu ya neno lake: akisema vitambaa ni 10, daktari anaamini na kufunga. Mtu ambaye uzima wa mwingine unategemea neno lake, hawezi kulibeba neno hilo vema akiwa na neno jingine la kuficha. Siku nyingi halitamzuia. Siku moja litamzuia, na siku hiyo mgonjwa hatakuwa na mtetezi mwingine. Kwa hiyo mzee wetu alikosea kidogo aliposema cheti hakishiki mkasi. Cheti cha kweli humshika mkono mtu anayeshika mkasi, akaweza kusema kweli mbele ya wakubwa bila kuhofia faili lake.

Tukifika hapa, ni rahisi kufunga kitabu na kusema: basi, waliofukuzwa walistahili. Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana nasi tumo katika habari hii.

Ndugu yetu alimaliza darasa la saba katika miaka ambayo nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, hata mtoto aliyefaulu aliweza kubaki nyumbani kwa kukosa kiti. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na kwa shule ya kulipia hakuwa na uwezo. Mlango ulipofungwa, kijana akapita dirishani. Hatusemi kwamba kupita dirishani ni haki. Twasema kwamba anayemhukumu mtu kwa kupita dirishani hana budi kuuliza pia kama mlango ulikuwapo.

Zipo habari za namna hiyo hata katika nchi tajiri. Huko Baltimore, Marekani, alikuwako mtu mweusi aitwaye Vivien Thomas. Alikuwa fundi seremala aliyekosa fedha za chuo, akaajiriwa katika maabara ya daktari Alfred Blalock, akajifunza upasuaji kwa kuwapasua wanyama wa majaribio mpaka akawa stadi kupita madaktari. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua kwa mara ya kwanza mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa moyo uliomfanya awe wa buluu, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kigoda, akimwelekeza. Baadaye Thomas alitaka kusoma ili apate digrii. Chuo alichokwenda hakikukubali kuhesabu hata kidogo yale aliyokwisha kuyajua. Alitakiwa kuanza na wanafunzi wapya kabisa. Aliona kwamba akimaliza atakuwa mzee, akaacha. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Johns Hopkins kilimpa udaktari wa heshima. Tunamheshimu Thomas kwa sababu hakudai kuwa yule asiyekuwa. Alisimama juu ya kigoda chake, kwa jina lake. Lakini tunawalaumu waliokuwa na uwezo wa kumfungulia mlango, wakamwacha juu ya kigoda miaka mingi hivyo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Ilikuwa haki ndugu yetu aondoke kwenye meza ile, kwa ajili ya mgonjwa aliyelala. Haikuwa haki kwamba baada ya kuondoka pasiwepo mlango wowote wa kurudi. Ingefaa iwepo njia kwa mtu aliyeungama kwa hiari yake, akakubali kurudi nyuma, akaufanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina lake, akapimwa upya katika kazi yake. Wengine wataogopa kwamba kufanya hivyo ni kuwatia moyo waongo. Hatudhani hivyo. Njia hiyo ingekuwa ndefu, ngumu na ya aibu. Mtu hawezi kuitamani. Lakini ingemfanya aliye na siri aitoe mwenyewe, kabla haijafika usiku wa vitambaa 9.

Na sisi Wakristo wa mtaa huu je? Tusiseme habari hizi ni za serikali na hospitali tu. Kanisa nalo huandika vyeti. Ni mara ngapi wazazi wamemwendea kasisi wakimwomba apunguze miaka miwili katika cheti cha ubatizo, ili mtoto aonekane hajapita umri wa shule? Ni mara ngapi tumemkasirikia kasisi alipokataa? Tulidhani twamsaidia mtoto. Kumbe tulikuwa tukimfundisha, akiwa bado mdogo, kwamba karatasi ni kitu cha kutengenezwa kulingana na haja. Aliyejifunza hayo kwa mama yake na baba yake, tutamshangaaje akiyatenda akiwa mtu mzima? Na ndugu yetu tuliyemwita kwa majina mawili, jina moja kazini na jingine kanisani, nani kati yetu alimwendea kwa upendo, hata siku moja tu, akamwambia, "Ndugu, jambo hili litakuumiza"? Hata mmoja. Tulifurahia kuwa na mtu wetu mle ndani.

Tufanye nini basi? Tuna mambo machache ya kupendekeza, nayo yanawezekana hapa hapa.

Kwanza, daftari letu la ubatizo na la ndoa liwe la kweli, na mtu asimwombe kasisi vinginevyo.

Pili, wako vijana kwetu ambao wameacha shule, na wengine wanafanya kazi za usafi na usaidizi katika zahanati na vituo vya afya. Tangu mwaka 2017 serikali imejenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya vingi, hivyo kazi ipo na watu wanahitajika. Kijana wa namna hiyo asitafute cheti cha kaka yake. Aliyekosa sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha aombe chuo. Ni safari ya miaka, na inahitaji ada, vitabu na taa ya kusomea. Mtaa mzima hauwezi kushindwa kumlipia kijana mmoja ada ya mtihani. Tumechanga kwa harusi kubwa kuliko hiyo.

Tatu, walio na vyeti wasilale juu yake. Leseni huhuishwa kwa sababu mikono husahau na elimu hubadilika. Muuguzi anayejifunza bado ni faraja kwetu; anayejivunia cheti cha miaka 30 iliyopita bila kujifunza tena anafanana kidogo na yule anayetumia cheti cha mwingine, maana mtu aliyejaribiwa wakati ule si yeye wa leo.

Nne, ndugu yetu asitengwe. Yule mama muuguzi mstaafu amejitolea kumfundisha tena masomo ya kidato, akitaka. Yeye amejibu kwamba amezeeka na shamba linamtosha. Hatutamlazimisha. Lakini mwezi uliopita tulimwomba aje kusema na vijana wa kipaimara, naye akaja. Alisimama mbele yao, akataja jina lake la ubatizo, akawaeleza kazi aliyoifanya na jinsi alivyoipata. Vijana walimsikiliza kimya. Mmoja akamwuliza kama anasikitika. Akajibu kwamba anaikumbuka sana kazi ile, ila sasa analala usingizi.

Siku moja kila mmoja wetu, au mtoto wake, huenda akalazwa chini ya taa ile kubwa, akapewa dawa, akafumba macho asijue lolote. Tutakuwa mikononi mwa wageni. Tuombe, na tufanye kazi, ili wale walio macho wawe watu waliofundishwa, waliojaribiwa, na wanaoweza kutaja majina yao na hesabu zao bila kuogopa.

Wenu katika Bwana.